Sekunde 64: Bingwa, Kitabu Chake na Binti Anayepanda Basi Makambako

Ninyi mabinti mmejibanza mabenchi ya nyuma kana kwamba maneno ya leo hayawahusu. Yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ukumbini.

Nimetoka Njombe mjini alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai na misonobari, na mkobani nina kitabu kimoja. Kinaitwa My Fight / Your Fight. Ni tawasifu ya Ronda Rousey, Mmarekani, aliyoiandika pamoja na dada yake Maria Burns Ortiz, na ilitoka Mei 2015. Rousey alikuwa na miaka 28, bingwa wa dunia wa UFC, ule mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, mieleka na kukabana ndani ya uzio wa waya. Alikuwa hajashindwa pambano hata moja la kulipwa. Miezi sita baada ya kitabu kutoka, alipigwa akazimia mbele ya watu 56,214 katika uwanja wa Melbourne, Australia.

Hadithi hii husimuliwa kwa namna moja tu: binti alijisifu mno, akaangushwa. Mimi pia nilipokisoma kitabu mara ya kwanza nilikisoma hivyo, nikiujua mwisho ambao mwandishi mwenyewe alikuwa bado hajaujua. Mwaka huu nimekirudia, nikakisoma polepole, nikaona kwamba nilimwonea. Ndiyo maana nimekubali kuja kuzungumza nanyi.

Hiki si kitabu cha majigambo matupu. Rousey alizaliwa mwaka 1987 huko California, kitovu kikiwa kimemviringa shingoni, na miaka yake ya mwanzo hakuweza kutamka neno likaeleweka. Baba yake alivunjika mgongo katika michezo ya theluji na watoto wake, hali ikazidi kuwa mbaya, na Ronda alipokuwa na miaka minane baba huyo akajitoa uhai. Mama yake, AnnMaria De Mars, mwaka 1984 alikuwa Mmarekani wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa judo, na ndiye aliyemtia binti yake katika mchezo huo. Akiwa na miaka 17 Ronda alikwenda Olimpiki ya Athens. Mwaka 2008, Beijing, akapata medali ya shaba, mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata medali ya Olimpiki katika judo. Anaeleza alivyojinyima chakula na kujitapisha ili afikie uzito unaotakiwa. Anaeleza kwamba baada ya medali hiyo alirudi nyumbani, akafanya kazi baa, na kwa muda akalala ndani ya gari lake.

Mtu anayesema hayo hadharani si mwoga wa ukweli. Lakini kuna jambo sikuliona hadi nilipokisoma mara ya pili. Kila kidonda kilichomo humu kimeshapona. Kila jeraha limeletwa mbele ya msomaji likiwa kovu, na kila kovu limegeuzwa kuwa funzo. Sikuona ukurasa hata mmoja unaosema: hapa, leo hii, ninaumwa, na sijui nitafanyaje.

Wekeni hilo akilini. Nitalirudia baada ya kuwapeleka ulingoni.

Kabla ya Melbourne, Rousey alikuwa ameshinda mapambano 12. Kati ya hayo, 11 yalikwisha raundi ya kwanza. Silaha yake kuu ilikuwa ile aliyopewa na mama yake tangu utotoni: kumkaribia mpinzani, kumwangusha, kuukamata mkono wake na kuunyoosha kinyume cha kiwiko hadi akubali kushindwa. Julai 2014 alimmaliza Alexis Davis kwa sekunde 16. Februari 2015 akammaliza Cat Zingano kwa sekunde 14. Agosti 2015, kule Rio de Janeiro, akamwangusha Bethe Correia kwa ngumi ndani ya sekunde 34. Zijumlisheni. Katika zaidi ya mwaka mmoja, bingwa wa dunia alikuwa amepigana kwa sekunde 64.

Dunia nzima ilizisoma sekunde hizo kama ushahidi kwamba hashindiki. Mimi nazisoma vingine. Mtu aliyepigana kwa sekunde 64 hajapata nafasi ya kuchoka. Hajakosea akalipia kosa, wala hajakutana na mtu anayemkwepa kwa dakika tano huku pumzi zikimwishia. Alijiamini kwa haki kabisa kuhusu mambo aliyokutana nayo, na kuhusu mambo ambayo hakukutana nayo hakuwa na habari yoyote.

Sisi wa nyanda hizi hatuhitaji kwenda Australia kulielewa jambo hili. Jirani zetu wa Iringa wanakumbuka vizuri kuliko mimi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski aliiingiza safu ndefu ya askari wake vichakani kana kwamba yuko matembezini, na mashujaa wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, wakaimaliza, askari wengi wakiwa hawajawahi hata kujipanga. Kisha Mkwawa naye akaitegemea ngome yake ya mawe ya Kalenga. Ukuta ule ulikuwa umeshajibu maswali yote ya mkuki. Swali la mzinga ulikuwa haujaulizwa, na lilipoulizwa tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Sisemi Mkwawa alikuwa na kiburi. Nasema ukuta, kama mwanadamu, huweza kutoa ushuhuda wa yale tu uliyoyaona.

Aliyemsubiri Rousey Melbourne aliitwa Holly Holm, bondia wa Albuquerque, New Mexico. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu huyu husahaulika. Holm alikuwa bingwa wa ngumi kwa miaka mingi, na Desemba 2011 bondia wa Kifaransa Anne Sophie Mathis alimpiga kipigo kibaya mno hadi akaanguka kwenye raundi ya saba. Yeyote aliyeona picha za usiku ule angemshauri aache ngumi. Juni 2012 Holm alirudi ulingoni na mwanamke yule yule, akamshinda kwa pointi. Kwa hiyo pale Melbourne kulikuwa na wanawake wawili wanaojiamini. Mmoja alijiamini kwa kuwa hajawahi kuanguka. Mwingine alikwisha kuanguka, akaamka, akajua sakafu ina ubaridi gani.

Raundi ya kwanza Rousey alimfukuza Holm uwanja mzima. Holm alipiga, akapiga hatua pembeni, akapiga tena. Kengele ilipolia, bingwa alirudi kwenye kona yake akihema kwa mdomo, uso umevimba. Sasa, wapenzi wa ngumi mnajua kona ni nini. Ni dakika moja. Kuna kigoda, maji, barafu, na mtu mmoja anayeona yale ambayo mpiganaji hawezi kuyaona, kwa sababu mpiganaji hajioni. Katika dakika ile, sauti iliyonaswa na televisheni kutoka kona ya Rousey ilimsifu. Ilimwambia anafanya kazi nzuri. Akainuka. Sekunde 59 za raundi ya pili, teke la Holm likatua shingoni.

Nimeitazama dakika ile ya kona mara nyingi kuliko teke lenyewe. Teke ni la Holm, ni haki yake, alilifanyia mazoezi. Dakika ya kona ndiyo inayonihuzunisha. Mama yake Rousey alikwisha kusema hadharani, kabla ya pambano, kwamba haridhiki na ufundishaji anaoupata binti yake. Huyo alikuwa mama mzazi, bingwa wa dunia, mtu aliyeujua mchezo wa binti yake tangu utotoni. Hakuwa kwenye kigoda.

Rousey alirudi Marekani akapigwa picha uwanja wa ndege wa Los Angeles akiwa ameficha uso kwa mto wa kulalia. Februari 2016, katika mahojiano ya televisheni, alisema kwamba ndani ya chumba cha matibabu usiku ule alijiuliza yeye ni nani kama si bingwa, na wazo la kujiua likampitia. Desemba 2016 alirudi ulingoni, Amanda Nunes akammaliza kwa sekunde 48. Hakupigana tena katika UFC.

Mwaka 2024 alitoa kitabu cha pili, Our Fight. Hapo ndipo hadithi ya kiburi na anguko inapovunjika. Alieleza kwamba tangu enzi za judo, akiwa binti mdogo, alikuwa akipata mtikisiko wa ubongo, mara baada ya mara, na kwamba katika miaka yote ya ubingwa aliificha hali hiyo. Walimu mlioko hapa, hasa mnaofundisha michezo, naomba mlijue neno hili. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mtoto anaweza asipoteze fahamu kabisa. Ataumwa kichwa, mwanga utamkera, atasahau mlichoongea sasa hivi, atataka kutapika. Dawa ni kukaa nje ya uwanja hadi apone, kwa sababu kichwa kinachogongwa tena kabla hakijapona huumia zaidi kwa kipigo kidogo zaidi. Anayemrudisha uwanjani siku hiyo hiyo hamfunzi ushupavu. Anamuumiza.

Kwa hiyo bingwa tuliyemcheka kwa kujiamini kupita kiasi alikuwa, wakati anaandika kitabu cha kujiamini, anajua jambo moja kuhusu kichwa chake ambalo hakuweza kumwambia mtu. Kwa nini hakuweza? Katika kitabu kile cha kwanza anasimulia siku alipovunjika kidole cha mguu mazoezini, na mama yake akamtaka azunguke kukimbia, ili ajue kwamba hata akiumia anaweza kuendelea. Mama alitaka mema. Na funzo lile lilimfaa, lilimpa medali na mkanda. Lakini binti aliyejengewa jina la mtu asiyesimamishwa na maumivu atasema kwa mdomo upi kwamba leo yamemsimamisha? Hapo ndipo ninapouona mtego wa kujiamini mapema. Sifa inakuja kabla ya jaribu, nayo ikishaingia inalifukuza neno moja dogo kinywani mwa mtoto: nimeumia.

Sasa turudi nyumbani, Afrika Mashariki.

Wakubwa wenzangu mnamkumbuka Conjestina Achieng, binti wa Siaya, Kenya. Mwaka 2004 alimshinda Mganda Fiona Tugume, akasifiwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika taji la kimataifa la ngumi. Wakati huo ngumi za wanawake hata Olimpiki hazijaingia. Ziliingia London, 2012. Nairobi ilimbeba. Walimwita Mikono ya Jiwe. Kisha, miaka michache baadaye, Wakenya wakaanza kumwona kwenye taarifa za habari akiwa mgonjwa wa akili, jamaa zake wakiomba msaada, akilazwa hospitali ya Mathari, akitoka, akirudi. Mwaka 2022 msaada mwingine ukapatikana, akapelekwa kwenye kituo cha kurekebishia afya Mombasa. Sisemi ngumi ndizo zilizomuuguza, hilo ni la madaktari wake. Ninalosema ni kuhusu lile jina. Tulimpa jina la jiwe, na jiwe haliugui. Hakuandika kitabu. Angekiandika mwaka 2005, tungekisoma kwa shangwe, na nadhani kingekuwa na ushindi mtupu.

Mwenzake wa Nairobi, Fatuma Zarika, alipita njia nyingine. Tarehe 1 Oktoba 2016, huko Flint, Michigan, Zarika alimshinda Alicia Ashley, bingwa mwenye miaka 49, akautwaa mkanda wa WBC wa uzito wa super bantam, Mkenya wa kwanza kufika hapo. Walipigana raundi zote kumi, na majaji wakagawanyika. Raundi zao zilikuwa za dakika mbili, kwa hiyo ni dakika 20 kamili, mkilinganisha na zile sekunde 64. Na kabla ya usiku ule Zarika alikuwa ameshapoteza mapambano zaidi ya kumi. Zaidi ya kumi! Kwetu, binti anayeshindwa mara mbili tunamtafutia cherehani. Mwaka 2018 Zarika alimshinda Mmexico Yamileth Mercado, binti mdogo. Novemba 2019 Mercado, baada ya kushindwa kule, akamsubiri nyumbani Chihuahua, akamvua mkanda kwa pointi. Hapo hakuna aliyeficha uso. Mmoja alikuwa amejifunza kwa mwingine.

Natamani Zarika aandike tawasifu. Mtu aliyepoteza mara nyingi hivyo kisha akawa bingwa wa dunia anajua mambo ambayo Rousey wa 2015 hakuweza kuyaandika kwa sababu hayajamfika. Maktaba zetu zina uhaba wa vitabu vya wanawake wa michezo kwa Kiswahili, nami nauona uhaba huo kila binti wa kidato cha pili anapoomba kitabu cha mchezaji nikampa cha mwanamume.

Wakulima wa parachichi mliomo humu mnafanya jambo ambalo sisi walimu hatulifanyi. Mche wa kubebeshwa wa Hass huwahi kutoa maua ukiwa bado kijiti. Mgeni akiona matunda atafurahi. Ninyi mnayapukutisha, kwa kuwa mnajua mti haujawa na mizizi wala matawi ya kubeba uzito huo, na mkiyaacha tawi litapasuka. Kupukutisha si kuuchukia mti. Sisi mtoto wetu wa miaka 14 akitoa ua la kwanza tunaita mkutano, tunapiga picha, tunamwambia mbele ya wadogo zake kwamba huyu ni jasiri, huyu halii.

Nami nimeshiriki. Niruhusuni nilisimulie hili kwa ruhusa ya mwenyewe.

Binti wa mama yangu mdogo alipanda basi hapa hapa stendi ya Makambako, akiwa na miaka 15, kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Mnaijua safari hiyo. Sijui kuna ukoo gani katika wilaya zetu ambao haujamsindikiza binti kwenye basi hilo. Tulikuwa watu sita tuliomsindikiza. Hakulia. Mimi, dada yake mkubwa, mwalimu, nilimkumbatia dirishani nikamwambia: wewe si wa kulia wewe, wewe ni jembe letu. Watu wote sita tukarudia. Alikuwa hajawahi kulala nje ya kijiji hata usiku mmoja, na sisi tulimtangaza bingwa.

Miaka miwili alipiga simu kila Jumapili. Niko salama dada. Kazi nzuri. Wananipenda. Mama alituma viazi, yeye akatuma pesa. Nami nilikuwa nikimjibu kama ile kona ya Melbourne: unafanya vizuri, kaza buti.

Aliporudi alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu, na haikuwa kipupwe. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ngozi ilikuwa imejikunja kama ganda la mti. Ni maji ya moto, mwezi wa tatu tangu afike. Hakupelekwa hospitali. Alijitibu kwa asali na dawa ya meno. Nilipomuuliza kwa nini hukusema, simu unayo, Jumapili zote zile, alinitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema: dada, si mliniambia mimi si wa kulia?

Hilo ndilo lililonifanya nikirudie kitabu cha Rousey. Nilitafuta ndani yake ukurasa ambao binti yule asingeweza kuusema kwenye simu, na haukuwemo. Ulikuja miaka tisa baadaye, katika kitabu kingine, mchezo ukiwa umeshakwisha.

Mabinti mliopo nyuma, sikuja kuwanyang'anya kujiamini. Mtakihitaji kichwa kilichoinuka, iwe ulingoni, chuoni au kwenye basi hilo. Nazungumza na waliokaa mbele, wazazi, shangazi na walimu, sisi tunaokaa kwenye kona. Tukiwapigia simu Jumapili tusiwaulize kama wako salama, maana jibu la swali hilo tulishawafundisha. Tuwaulize: wiki hii umeumia wapi? Kisha tunyamaze, tusikie, hata ukimya ukichukua dakika nzima.

Yule mdogo wangu sasa ana genge lake la viazi na kabichi, si mbali na stesheni ya TAZARA. Juzi nilimpigia kumuomba ruhusa ya kusimulia habari zake mbele yenu. Akasema simulia, ila usiwaambie kwamba nilishapona. Waambie mkono bado unauma, Julai, baridi ikikaza.